Siku Njaa Iliporudi Ngudulo

Mzee Masunga Lutonja alipoanguka katikati ya uwanja, umati mzima ulishangilia, na Nyamizi akashangilia nao, tena kwa vigelegele mpaka koo likamkwaruza. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengine yote.

Msimlaumu haraka. Ulikuwa msimu wa ngoma. Mpunga ulishaingia ghalani, mawingu ya kuagiza yalikuwa yamerudishwa ziwani yasije yakaharibu sherehe, na vikundi viwili vya Ngudulo, Bagika na Bagalu, vilikuwa vimekaziana macho kila kimoja upande wake wa uwanja. Katika shindano lao hakuna mwamuzi wala kombe. Watu wanahama wenyewe, na kikundi kitakachovuta wengi ndicho kilichoshinda, na walioshindwa watataniwa mpaka mvua zinyeshe. Wachezaji wenyewe ni wazee. Vijana wa Ngudulo wanaruhusiwa kupiga makofi tu.

Basi Masunga, kiongozi wa Bagika, aliruka, akageuka hewani, akatua, akanyooka, halafu akaenda chini kifudifudi. Kabla vumbi halijatulia wenzake nao wakajitupa, mmoja huku, mmoja kule, wote chini, na ngoma ikazidi kunguruma. Kisha wakainuka kwa mpigo mmoja wakiwa wamesongamana, wakatoka wakiimba mpaka nyuma ya ua wa matete. Watu waliokuwa kwa Bagalu walivuka uwanja mbiombio. Nyamizi alimwona baba yake, Mzee Nkwabi, kiongozi wa Bagalu, akitupa mgwisho wake chini kwa hasira, akacheka mpaka machozi.

Akatazama kioo chake cha kiganjani. Mioyo yote ya wazee waliokuwa uwanjani ilikuwa inawaka kijani. Alijisikia vizuri mno, kwa sababu mioyo ile ilikuwa kazi yake.

Nyamizi ndiye aliyebuni Kibaba. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kinakaa chini ya ubavu wa kushoto wa kila mwanamume wa Ngudulo aliyepita miaka sitini na mwenye presha. Kinasoma mapigo ya moyo, kinasoma mafuta na maji ya mwili, kinachuruza dawa ya presha kidogo kidogo, na zaidi ya hayo kinafunga njaa. Mwenye Kibaba hajinyimi chakula. Hana hamu nacho tu. Anapungua mpaka afike uzito uliowekwa, uzito wa kijana mwembamba wa kimo chake, na hapo Kibaba kinamshikilia. Tangu kiwekwe, wodi ya waliopooza katika hospitali ya mji ilikosa wagonjwa mpaka wakaanza kuhifadhia humo mbegu za pamba. Wageni wa serikali walikuwa wanajiandaa kuja kukitazama, ili wakipendezwa kiwe cha nchi nzima.

Kwa hiyo alikwenda nyuma ya ua wa matete kuwapongeza wazee. Binti wa Mgalu hana kazi kule, na alilijua hilo, lakini furaha ilimpa ujasiri.

Aliwakuta wazee wamesimama duara, wamegeuza migongo ndani, wanaimba kwa nguvu bila furaha yoyote usoni. Akapenya. Katikati ya duara Masunga alikuwa amelazwa chali, miguu imeinuliwa juu ya ngoma, midomo imepauka kama majivu. Mkewe, Kwandu, alikuwa anampepea kwa kanga. Wimbo ulikatika. Walimwangalia Nyamizi kama mtu aliyeingia chumbani bila hodi.

Masunga alifumbua macho. "Binti Nkwabi," alisema, "hujaona kitu hapa."

Nyamizi alipiga magoti, akamsalimu kama anavyostahili, kisha akamshika kifundo cha mkono. Mpigo ulikuwa wa kutafuta kwa vidole. "Nimeona, baba," alisema. "Tangu lini?"

Wazee waliangalia chini. Aliyesema ni Kwandu, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia, na aliposema hakuchagua maneno. Ilianza msimu uliopita, alisema, mmoja wao alipozimia uwanjani na Bagalu wako palepale wanatazama. Masunga, kwa kuogopa fedheha, akajitupa chini kando ya mwenzake kana kwamba ndiyo staili yenyewe. Wengine wakafuata. Watu wakapagawa, Bagika wakashinda, na tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba akianguka mmoja wanaanguka wote. Sasa hata miji ya jirani ilikuwa inaiga staili hiyo, watu wazima wenye afya zao wanajibwaga mavumbini bila kujua wanaiga nini.

Nyamizi alitazama tena kioo chake. Moyo wa Masunga ulikuwa bado kijani. Hapo alijua sababu, na sababu ilikuwa yeye. Mwaka wa kwanza wa Kibaba, kila mzee aliporuka ngoma, kidude kilidhani mtu anakata roho, na ving'ora vikalia mji mzima. Nyamizi akakifundisha kutupa vipimo vyote vya mtu anayecheza au kujongea, na vya muda mfupi baada ya hapo. Vilivyobaki ni vya mtu aliyekaa au aliyelala. Masunga akiwa kitini presha yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Akisimama, inaporomoka, na hakuna aliyewahi kuipima akiwa anasimama.

*

Kesho yake asubuhi alimpima nyumbani kwake, polepole, akianzia upya kana kwamba hajawahi kumwona.

Masunga hakuwa mnene hata siku moja maishani. Alikuwa na kitambi kidogo cha heshima, mabega mapana, mapaja ya mtu aliyecheza ngoma na kulima pamba tangu ujana. Presha aliirithi kwa babu yake, ikamfikisha kwenye Kibaba. Kibaba kilikula kitambi, na kilipomaliza kitambi kikaendelea, kwa sababu uzito uliowekwa ulikuwa bado mbele. Kikala mabega. Kikala mapaja. Nyamizi alipoweka kipimo kifuani aliona kuta za moyo zenyewe zimekuwa nyembamba, zinasukuma damu kwa kujikongoja. Mtu wa umri ule akipata homa ya siku chache anaishi kwa akiba ya mwili, na Masunga hakuwa na akiba tena. Homa za kiangazi zilikuwa zinakuja, kama kila mwaka.

Alimuuliza kama anakula. Masunga alicheka kidogo, bila nguvu.

"Ugali unaniangalia, na mimi nauangalia, halafu kila mmoja anakwenda zake."

Kwandu akatoka nje. Alikuwa amempikia mume wake mtori wa ndizi, sato wa kukaanga, nsansa ya majani ya kunde na karanga, vyote vikaishia kwa mbwa. Akimlazimisha, anatapika. Nyamizi alimsikia akigonga sufuria jikoni bila sababu.

Dawa ya presha Nyamizi aliweza kuipunguza mwenyewe, na aliipunguza palepale. Njaa ndiyo iliyomshinda. Kukitoa Kibaba ni kupasua, na moyo ule usingevumilia kisu. Uzito uliowekwa haukubadilishwa kwa mtu mmoja mmoja. Ulikaa ndani ya mtambo mama unaoviongoza vibaba vyote, namba moja ya kukokotolea uzito kwa kimo, ileile kwa wote, na ungeweza kuondolewa kwa wote au kubaki kwa wote. Kuvifundisha vibaba upya kimoja kimoja ilikuwa kazi ya miezi mingi. Masunga hakuwa na miezi mingi, na hakuwa peke yake. Bagika walikuwa nusu yao hivyohivyo, watu waliokuwa wa kawaida wakasuguliwa mpaka mfupa.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Bwana Budeba, mkurugenzi wa mradi. Mngependa niwaambie Budeba alikuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Hakuwa. Ndiye aliyeshikilia kwamba namba iwe moja, kwa sababu alizijua ofisi zetu. Ikiwezekana kumlegezea mtu mmoja, alisema, wiki hiyohiyo mwenye mali atanunua kilo zake na maskini atabaki na njaa iliyofungwa. Tena baba yake mwenyewe alikufa kwa kiharusi, amepooza upande mmoja, akiwa mnene wa kushindwa kuingia mlangoni. Alimsikiliza Nyamizi mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri, kisha akaomba asubiri. Wageni waje, waone, watie saini, ndipo tume iundwe kuchunguza. Alipoulizwa Masunga atakula nini wakati tume inachunguza, alifuta miwani yake. Akasema ukifungua namba, wale wanene watarudi walikotoka, na watakufa wengi kuliko hawa. Akamtazama Nyamizi machoni. "Na wewe unamjua mmoja wao."

Nyamizi alimjua. Alitoka ofisini bila kuaga.

*

Mzee Nkwabi alikuwa kwenye josho la ng'ombe, akipunga fimbo na kufoka kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Miaka michache nyuma mtu huyu hakuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Alikuwa mzito kuliko wanaume wawili, analala amekaa, usiku pumzi zinakatika na mkewe anamtikisa zirudi. Presha yake madaktari walikuwa wakiisoma na kutazamana. Kibaba kilimpa miguu yake. Kilimrudisha uwanjani, akawa kiongozi wa Bagalu, akarudisha na ule ugomvi wake wa tangu ujana na Masunga, ugomvi mtamu wa matusi na vicheko ambao wote wawili wasingeishi bila huo. Yeye alikuwa bado ana kilo za kupunguza. Kwake namba ile ilikuwa uhai.

Nyamizi alimsaidia kuwapitisha ng'ombe wa mwisho, kisha wakaketi juu ya ukuta wa josho, akamweleza yote. Alipofika kwenye habari ya kuanguka, Nkwabi alimkatiza.

"Unataka kuniambia misimu miwili tumeshindwa na watu waliozimia?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akacheka tena. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akauliza Masunga yuko katika hali gani hasa, na Nyamizi akamwambia bila kupunguza kitu. Nkwabi akatazama ng'ombe wake kwa muda mrefu. Mji wote ungekwambia wale ni mahasimu. Mji wote ulikuwa umekosea, na sasa Nyamizi aliliona hilo usoni mwa baba yake.

Njiani Nyamizi alikuwa amejiambia kwamba ni mwanasayansi na atasema kama mwanasayansi. Haikuwezekana. Alimwambia baba yake kwamba anaogopa, kwamba akifungua anaweza kuwa anamchimbia kaburi baba yake mwenyewe kwa kidole gumba, maana mtambo mama ulifunguliwa kwa kidole chake, na asipofungua anamzika Masunga na wengine wa Bagika. Alisema amepiga hesabu kila upande na kila upande una mtu.

"Kwa hiyo unaniuliza kama nikubali kufa ili Masunga apone," alisema Nkwabi.

"Nakuuliza, baba. Sikuamrishi."

Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo Nyamizi hakuwahi kuisikia kwake. Alisema kifo hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni mdomo wake. Watu walidhani alikuwa mlafi, alisema, na watoto walimwimbia njiani, lakini hakuna aliyejua jinsi alivyokuwa akiapa asubuhi na kuvunja kiapo kabla jua halijafika utosini, kila siku, miaka na miaka, mpaka akajichukia. Kibaba hakikumpunguzia uzito tu. Kilimpumzisha na vita ile. Kuifungua njaa ni kumrudisha vitani, na mara ya kwanza alishindwa vibaya.

Nyamizi alilia, akajifuta haraka kwa kiganja.

"Sikiliza, mayu," alisema Nkwabi. Alimwita hivyo, yaani mama, kwa heshima, kama alivyozoea akiwa na jambo zito. "Mimi sina ruhusa ya kuwasemea wanene wenzangu. Waite wote, nao Bagika uwaite. Na Masunga aje aseme kwa kinywa chake kwamba walikuwa wanazimia. Hilo simsamehe."

*

Walikutana katika ghala la pamba, mchana, milango imefunguliwa wazi. Bagika walikaa upande wao na Bagalu upande wao, kwa mazoea tu. Wanene wa mji, waliokuwamo katika vikundi na wasiokuwamo, walikaa nyuma. Budeba naye alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuja kuzuia. Alisema amekuja kusikiliza, na akasikiliza.

Masunga alikataa kubebwa. Aliingia kwa miguu yake, Kwandu pembeni, akasimama mbele ya watu ambao kwa misimu miwili alikuwa amewaficha. Kwa mtu kama yeye lile lilikuwa gumu kuliko kufa, na kila mzee mle ndani alilijua hilo. Alishika nguzo ya ghala.

"Mlipotushangilia, hatukuwa tunacheza. Tulikuwa tumeanguka. Nilianguka mimi, ameanguka Shija, ameanguka Lukanya. Tulificha kwa ajili ya hawa Bagalu, wasitucheke. Sasa wacheke."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Bagalu alianza kukohoa, akatoka nje, na waliokuwa mlangoni walisema baadaye kwamba alikuwa analia.

Nyamizi aliwaeleza bila kuzungukazunguka. Kuna mwili ambao ukipunguzwa moyo unapumua, na kuna mwili ambao ukipunguzwa moyo unaliwa, na yeye aliipa miili yote namba moja kwa sababu namba moja ni rahisi kuilinda. Alisema hilo lilikuwa kosa lake. Alisema akifungua, dawa ya presha itabaki, vipimo vitabaki, ila njaa itarudi kwa kila mtu kwa wakati mmoja, na kwa wengine itarudi na hasira. Hakuwaahidi kwamba hakuna atakayekufa. Alisema yeye hatafungua mpaka wenye kuhatarishwa waseme.

Nkwabi alisimama wa kwanza. Alijaribu kutania, akashindwa, akasema tu kwamba amekula na Masunga sinia moja tangu wakiwa wachunga ndama, na hataki kula peke yake. Akakaa.

Baada yake wakasimama wengine. Si wote. Mzee Shigela, mnene kuliko wote, alisimama akasema yeye hawezi, kwamba anajijua, kwamba kuifungua njaa yake ni kumpa mtoto kiberiti, na sauti yake ikavunjika. Nyamizi alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akamwahidi kwamba kibaba chake kitakuwa cha kwanza kufundishwa upya, na kwamba mpaka hapo hataachwa ale peke yake hata mlo mmoja. Shigela alimtazama Masunga pale kwenye nguzo, mifupa mitupu. Akainamisha kichwa kama mtu anayepokea mzigo begani, akasema haya, fungua.

Budeba alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. Nyamizi alimtazama. Budeba akasema tu kwamba wageni yeye ndiye atakayewaeleza.

Nyamizi akaenda kwenye mtambo mama, ulioletwa palepale ghalani, akaweka kidole gumba.

*

Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu. Wazee walitazamana, wengine wakaanza kunong'ona kwamba mashine imegoma. Halafu upepo ukaleta harufu ya vitunguu vinavyokaangwa mahali fulani upande wa sokoni, na vichwa vya wanaume wote wa ghala lile vikageuka pamoja.

Usiseme siku hiyo. Ngudulo haijawahi kuona kitu kama kile. Wazee walitawanyika mjini kama ndama waliofunguliwa zizini. Walikula michembe mikavu ya viazi bila kungoja ilowe, walikunywa maziwa mgando wakiwa wamesimama, wake zao waliwakimbiza jikoni na miiko huku wenyewe wakicheka na kulia. Mama mmoja alimkuta mumewe, mtu mzito wa baraza, anaramba sufuria gizani stoo, na hakujua amkemee au amshukuru Mungu.

Masunga alipelekwa nyumbani. Nyamizi hakumruhusu kujishindilia, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla unaweza kumuua mwenyewe. Kwandu alimpa uji mwembamba, kijiko kimoja kimoja. Alimeza cha kwanza kwa mashaka. Cha pili alikishikilia mdomoni akafumba macho. Kisha akafumbua, akauliza kwa ukali uji wenyewe una nini mbona mtamu hivi, na Kwandu akajibu hauna kitu, ni uji tu, akakaa chini sakafuni.

Wanene ndio waliokuwa na kazi. Nkwabi siku ya kwanza alishindwa, na ya pili akashindwa. Siku ya tatu alifika nyumbani kwa Nyamizi, mnyonge, akasema amekula mpaka ameona aibu mbele ya ng'ombe. Nyamizi hakumkaripia. Alimuuliza anashindwa saa ngapi na akiwa wapi. Mzee alifikiri, akajibu kwamba anashindwa akila peke yake. Basi kuanzia hapo hakula peke yake. Mchana alikwenda kwa Masunga, jioni alikwenda kwa Shigela, aliyeahidiwa kutoachwa peke yake, na kwa namna hii wanene wa mji wakagawana wembamba wa mji, kila mnene na mwembamba wake, sinia moja kwa wawili. Hakuna aliyepanga hilo ofisini. Mwembamba alikuwa na amri ya kutoinuka mpaka amalize upande wake, mnene alikuwa na amri ya kuinuka mapema, na kila mmoja alikuwa mlinzi wa mwenzake, tena mlinzi mwenye maneno makali.

Homa za kiangazi zilikuja. Masunga aliugua wiki nzima, akatetemeka mpaka kitanda kikahama, na Nkwabi akalala kwenye mkeka mlangoni kwake akimtukana usiku na mchana ili asilale moja kwa moja. Homa ikashuka. Akapona. Bagika wote wakapona.

Nyamizi alifanya kazi miezi yote hiyo, kibaba kimoja baada ya kingine, akianza na cha Shigela, ambaye aliomba njaa yake ifungwe tena nusu, kwa hiari yake, na ikafungwa. Kila mzee akapata kipimo chake mwenyewe, cha mwili wake na umri wake. Vibaba vilifundishwa pia kumsoma mtu anapoinuka kutoka kitini, na havikuruhusiwa tena kutupa chochote.

*

Wageni wa serikali walifika mvua za kwanza zilipoanza. Budeba aliwaleta mwenyewe mpaka uani kwa Masunga, bila kupitia ofisini. Alishawaeleza njiani, hakuficha kitu, na nyuso zao zilionyesha kwamba hawakuamini nusu yake.

Waliwakuta wazee wawili wamekaa kwenye vigoda na sinia katikati, ugali wa mtama, sato mzima, nsansa. Nyamizi alikuwa pembeni na kioo chake. Mmoja wa wageni, mama mwenye mvi, alimuuliza uzito gani sasa ndio uzito unaofaa kwa mwanamume mzee mwenye presha, maana nchi inahitaji namba. Nyamizi alisema hana. Alisema amletee mzee, atamtazama akiwa amekaa, atamtazama akisimama, ataukagua moyo wake na misuli yake, kisha atamwambia ya mzee huyo. Yule mama aliandika, akafuta, akaacha kuandika, akasogea kutazama.

Masunga alikuwa anamaliza upande wake. Mabega yalikuwa yamerudi, na kitambi kidogo cha heshima kilikuwa kimeanza kuchungulia. Alipomaliza aliinuka wima bila kushika kitu. Kwenye kioo cha Nyamizi presha ilishuka kidogo, ikajishika, ikapanda, ikatulia. Mzee alisimama palepale akijinyoosha, hana habari kwamba watu wanne wazima wanamtazama wakiwa wamebana pumzi.

Upande wa Nkwabi ilikuwa imebaki minofu ya samaki, ile ya tumboni yenye mafuta, ambayo kila aliyekua karibu na ziwa anajua ndiyo tamu. Nkwabi aliitazama. Nyamizi alimwona anavyoitazama, akaona koo lake likimeza mate, akaona mkono ukiondoka gotini. Mkono ulifika ukingoni mwa sinia, ukalisukuma lote kuelekea kwa Masunga.

Nkwabi alinawa, akafuta mikono, akasimama mbele ya binti yake.

"Mwanangu," alisema, "njaa inaniuma, na naondoka."

Akaondoka.